Taa Nyekundu ya Behewa la Mwisho

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani. Nilidhani angetaka habari za walimu wakuu waliotangulia, au habari za timu yetu ya mpira. Kumbe yeye alikuwa amekumbuka jambo jingine kabisa: ile treni ya makopo iliyoonyeshwa Siku ya Wazazi mwaka 1998, na taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka nyuma yake. Aliniuliza, "Ndugu, hivi ile taa ya betri mliiweka ya nini, wakati treni yenyewe ilikuwa ikivutwa kwa uzi?"

Swali ni fupi, lakini jibu lake ni refu, na mwishoni mwake kuna deni ambalo sisi wa kidato kile hatujalilipa. Naomba ndugu wasomaji, hasa vijana mlioko shuleni hivi sasa, mnivumilie hadi mwisho.

Reli ambayo haikufika kwetu

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba Nyakanazi haijapata kuwa na reli. Wengi wetu tulishuka pale njia panda kutoka kwenye basi au juu ya lori, tukiwa na sanduku la bati na godoro, tukielekea shuleni kwa mara ya kwanza. Njia moja inatoka Isaka na Kahama na kuendelea Lusahunga, ambako watu huachana, wengine wakienda Biharamulo na wengine Ngara hadi Rusumo. Njia nyingine inashuka Kibondo na Kasulu mpaka Kigoma. Magari tuliyajua. Treni tuliijua kwa kusimuliwa.

Hata hivyo reli ilikaribia kuja upande wetu. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Upana wake kati ya chuma na chuma ni mita moja kamili. Mwaka huohuo wa 1914 walianza kazi ya tawi jipya kutoka Tabora kuelekea kaskazini magharibi, hadi pale Mto Kagera unapopinda, ili kuchukua bidhaa za Rwanda. Mwezi Agosti vita vikuu vya kwanza vikaanza, na kazi ikasimama. Waingereza walipokuja walijenga tawi jingine kutoka Tabora hadi Mwanza, lililofunguliwa mwaka 1928. Tawi hilo linapita Isaka na Shinyanga, na kutuacha sisi mbali upande wa magharibi. Mwaka 2018 serikali za Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali, lakini mpaka ninapoandika makala haya, mtoto wa Nyakanazi anayetaka kuona treni hana budi kusafiri.

Mimi treni niliijua kwanza kwa mizigo yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokuwa wakikimbia kutoka Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara katika muda wa siku moja hivi. Nilikuwa darasa la sita. Chakula cha wakimbizi kilikuja kwa reli hadi Isaka, kisha kikapakiwa kwenye malori yaliyopita Nyakanazi usiku na mchana. Sisi watoto tulikaa kando ya barabara jioni tukiyahesabu. Gizani huwezi kuhesabu malori kwa taa za mbele, maana mwanga wake unakupofusha na unachanganyika. Tulihesabu taa nyekundu za nyuma. Lori likishapita na taa yake nyekundu ikaonekana, ndipo tulisema moja, mbili, tatu. Hatukujua kwamba watu wa reli hufanya hivyohivyo.

Kazi ya taa ya nyuma

Tulipoingia kidato cha kwanza mwaka 1996, alikuwapo mwenzetu mmoja kutoka Tabora aliyekuja kukaa kwa mjomba wake ili asome. Baba yake alikuwa gadi wa treni za mizigo, yaani yule anayesafiri katika behewa la mwisho. Basi na yeye tukamwita Gadi. Kwa kuwa nimemwomba ruhusa, na akanikubalia kwa sharti kwamba jina lake halisi nisiliandike, nitatumia jina hilo la utani.

Gadi ndiye aliyetufundisha kwamba taa ya nyuma ya treni haikuwekwa kwa sababu ya kupamba, wala si kwa sababu ya kuwaonya walio nyuma tu. Kazi yake kubwa ni kutoa ushahidi kwamba treni imefika nzima. Treni hupita mbele ya mtu wa stesheni kwa mwendo. Hawezi kujua kwa kuangalia kichwa cha treni kama mabehewa yote yapo. Kiungo kikikatika njiani, dereva anaweza kuendelea mbele akiwa na nusu ya treni, na nusu nyingine ikabaki relini, gizani. Kwa hiyo mtu wa stesheni hatazami kichwa. Anasubiri mkia. Akiiona taa kwenye behewa la mwisho, anajua njia iko wazi na treni nyingine inaweza kuruhusiwa. Asipoiona, hata kama mabehewa 20 yamepita mbele ya macho yake, kwake yeye treni hiyo haijafika.

Baadaye nikiwa chuo kikuu nilisoma zaidi habari hizi, nikakuta kwamba Gadi hakutudanganya. Katika reli za Uingereza, mtu wa signali aliyeona treni imepita bila taa ya nyuma alitakiwa kugonga kengele mara 9 kwa kituo cha mbele, ili treni isimamishwe, na kwa kituo cha nyuma mara 4 kisha mara 5, ili pasiwe na treni nyingine itakayoachiwa. Zamani taa zenyewe zilikuwa za mafuta, kama kandili zetu, zikiwa na kioo chekundu.

Sheria kali za namna hii zililetwa na vifo. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni iliyobeba watoto wa shule ya Jumapili waliokuwa wakienda matembezi ilishindwa kupanda mlima. Waliokuwa na dhamana wakaamua kuikata vipande viwili, wapeleke nusu ya mbele kwanza. Mabehewa ya nyuma yakawekewa mawe kwenye magurudumu. Nusu ya mbele ilipojisukuma nyuma kidogo wakati wa kuondoka, iliyagusa yale ya nyuma, nayo yakaponda mawe, yakaanza kuteremka, yakagonga treni nyingine iliyokuwa ikija. Watu wapatao 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha treni za abiria ziwe na breki zinazoshika zenyewe katika mabehewa yote pindi treni inapokatika, na kwamba pasiwe na treni mbili katika kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja.

Nasi hapa nchini tuna tarehe yetu ya kukumbuka. Tarehe 24 Juni 2002, katika mkoa wa Dodoma, kati ya Msagali na Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Sisemi kwamba taa ingeweza kuzuia maafa yale. Taa haishiki magurudumu, breki ndizo zinazoshika. Ninachosema ni kwamba katika reli, hatari mara nyingi huanzia nyuma, mahali ambapo aliye mbele haoni.

Treni ya makopo

Mwaka 1998 tukiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa fizikia alitaka kila darasa lionyeshe kitu kwa wazazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, tukaungana vijana watano. Gadi akasema tujenge treni, na tuijenge kwa kipimo, moja kwa kumi. Reli ya kweli ni mita moja, basi yetu iwe sentimita 10.

Mabehewa tuliyakata kutoka kwenye makopo ya mafuta ya kula ya msaada, ambayo wakati ule yalikuwa yamezagaa mkoa mzima. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya dawa ya viatu, kikubwa na kidogo vimeunganishwa pamoja, ili kile kikubwa kiwe ukingo wa kuzuia gurudumu lisitoke relini. Reli yenyewe ilikuwa waya mnene uliopigiliwa juu ya mataruma ya mbao. Mabehewa yalikuwa matano, na yote yalivutwa kwa uzi uliozungushwa na mota ndogo ya redio kaseti mbovu.

Taa ya nyuma ndiyo iliyotupa taabu kuliko vyote. Zipo treni ndogo za kuchezea, zinazouzwa madukani ng'ambo, ambazo umeme wake hupita katika reli na kuingia kwa magurudumu. Taa ya namna hiyo ina kasoro mbili. Reli ikiwa na vumbi, taa inapepesa. Na umeme ukikatwa ili treni isimame, taa inazimika, kumbe treni iliyosimama ndiyo inayohitaji taa kuliko inayokwenda. Kwa hiyo wanaojali jambo hili huweka betri ndani ya behewa lenyewe. Sisi hatukuwa na umeme wa kupitisha relini hata kama tungetaka, maana shule ilitumia kandili na jenereta la saa chache. Basi umaskini wetu ukatuongoza kwenye njia iliyo sahihi.

Tulitumia glopu ya tochi ya volti 2.5 na betri mbili kubwa za volti 1.5 kila moja. Glopu tuliipaka rangi ya kucha, nyekundu, tuliyopewa na dada yake mmoja wetu. Mara ya kwanza tuliweka betri juu, ndani ya behewa, na kwenye kona behewa likapinduka kwa uzito. Gadi akazishusha chini, zikalala katikati ya ekseli mbili, na behewa likatulia. Glopu ile ilikula umeme mwingi, na fedha za betri mpya hazikuwapo. Tulikusanya betri zilizochoka kutoka kwenye tochi za walimu na wanafunzi, tukazianika juani juu ya bati kama tulivyozoea nyumbani. Joto huamsha kidogo nguvu iliyobaki ndani ya betri, na kwa dakika kadhaa taa inawaka kana kwamba ni mpya.

Siku ya Wazazi ilipofika, wazazi na wageni walijaa bwaloni. Treni ikaanza kwenda, ikaingia katika handaki la maboksi. Kichwa kilipotokeza upande wa pili, bwalo lote lililipuka kwa makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Gadi peke yake hakupiga. Alikuwa ameinama usawa wa reli, akitazama mdomo wa handaki. Kisha akapaza sauti, "Taa! Taa iko wapi?" Mabehewa manne yalikuwa yametoka. La tano lilikuwa limekatika ndani ya handaki, nasi tulikuwa tukishangilia. Alisimamisha mota, akaingiza mkono, akalitoa behewa likiwa bado na taa yake inayowaka, akafunga kiungo upya. Mwalimu akawaeleza wazazi kwamba hilo ndilo somo lenyewe, na makofi ya mara ya pili yalikuwa makubwa zaidi.

Kwa vijana wanaotaka kuijenga

Siku hizi kazi hii ni rahisi. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza diodi ya kwanza itoayo mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho, ile tunayoiita LED. Diodi nyekundu huhitaji volti 2 hivi, kwa hiyo betri moja ya volti 1.5 haiiwashi. Tumieni betri ya kidonge ya volti 3, aina ya CR2032, yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, ambayo hujificha chini ya sakafu ya behewa dogo. Lakini msiiunganishe hivihivi. Wekeni rezista ya omu 470 katikati. Volti 3 ukitoa 2 inabaki 1, na 1 ukigawa kwa 470 unapata takriban miliampea 2. Betri hiyo ina akiba ya miliampea-saa 220 hivi, basi taa itawaka karibu saa 100. Mguu mrefu wa diodi ndio wa chanya. Mkiweka swichi inayofunguliwa kwa sumaku, mtaweza kuizima kwa kupitisha sumaku juu ya paa bila kugusa behewa.

Angalieni na kipimo. Katika treni ndogo za moja kwa 87, diodi ya milimita 3 ni sawa na taa yenye upana wa sentimita 26, ambayo inapita kiasi. Tafuteni ndogo zaidi. Na betri hizo za kidonge ziwekwe mbali na wadogo zenu, kwa sababu mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo na kumuua.

Nawaonea fahari kwamba mtaijenga mkiwa na umeme. Maji ya Rusumo sasa yanaendesha mitambo ya megawati 80, inayogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na sehemu yetu huingia katika gridi ya taifa kupitia kituo kikubwa kilichopo Nyakanazi hiyohiyo. Hata hivyo taa ya behewa la mwisho iwe ya betri. Sababu mmekwisha kuisikia.

Jina lililopigwa mstari

Sasa nalifikia lile deni. Mwishoni mwa mwaka 1998 baba yake Gadi alifariki. Tulifunga shule mwezi Desemba, tukaagana njia panda kama kawaida. Januari 1999 tulipofungua kidato cha nne, hakurudi. Mimi nilikuwa kiranja wa darasa na ndiye niliyeshika daftari la mahudhurio. Nilisoma jina lake asubuhi, nikapata kimya, nikaweka alama. Baada ya wiki mbili niliambiwa nilipige mstari. Nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikalipiga mstari ulionyooka vizuri, kisha nikaendelea na jina linalofuata.

Sikuuliza alikuwa wapi. Hakuna aliyeuliza. Sisi tuliokuwa tumesimama karibu naye bwaloni, tuliomsikia akiuliza taa iko wapi, tulifanya mtihani, tukafaulu, tukapigiwa makofi. Wala hakuwa yeye peke yake. Kidato cha kwanza madawati yalijaa hadi ukutani. Kidato cha nne yale ya nyuma yalikuwa wazi, nasi tukayatumia kuwekea mikoba.

Kazi yangu serikalini leo ni ya majalada na orodha za watu. Mwaka jana nilipopewa kazi ya kukusanya majina ya kidato chetu kwa ajili ya mkutano, niliomba orodha nikaletewa ya waliofanya mtihani wa mwisho. Gadi hakuwamo. Nilimtafuta, nikampata Kahama, ambako anafunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, na ana vijana wawili anaowafundisha kazi. Nilimpigia simu kumwalika. Alifurahi sana, tukacheka habari za betri za kuanika. Kisha akasema kwa upole, "Asante kaka, ila mkutano huo ni wa waliomaliza. Mimi sikumaliza." Sikuwa na la kumjibu, maana ndivyo kanuni za chama chetu zinavyosema.

Kwa hiyo natoa pendekezo mbele ya mkutano. Orodha ya kila kidato ianzie kwenye daftari la kidato cha kwanza, si kwenye matokeo ya kidato cha nne. Aliyekaa darasani nasi hata muhula mmoja ahesabiwe kuwa mwenzetu, na kila kidato kiteue mtu wa kuwatafuta walioachwa njiani. Na ninyi vijana wa sasa, dawati likibaki wazi siku tatu, msisubiri daftari. Nendeni mkaulize.

Mimi nimekwisha kulipa ada ya mkutano ya watu wawili. Kama atakuja au hatakuja, hiari ni yake. Jina lake nimeliandika upya katika orodha ya kidato chetu, kwa kalamu nyeusi, katika namba ileile aliyokuwa nayo mwaka 1996.